Filta ya Oili: Chafu Afadhali Kuliko Kukosa

Magari ya mwanzo hayakuwa na filta ya oili. Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa hata na pampu. Gurudumu zito la injini liliichota oili iliyotuama chini na kuirusha juu, nayo ikateremka kwa uzito wake hadi kwenye beringi. Vumbi na chembe za chuma zilizunguka humo humo mpaka siku ya kumwaga oili.

Mwaka 1923 Ernest Sweetland na George Greenhalgh walibuni filta ya Purolator, na Chrysler ya 1924 ikawa miongoni mwa magari ya kwanza kutoka kiwandani na filta. Ilichuja sehemu ndogo tu ya oili ya pampu, takriban moja ya kumi. Nyingine ilikwenda kwenye beringi ikingoja zamu yake. Mafundi wengi huicheka filta hiyo. Mimi siicheki: oili ilipita polepole, kwa hiyo filta iliweza kunasa uchafu mdogo sana, na hata ikiziba, injini haikukaukiwa. Ubaya wake ni kwamba punje ya mchanga iliweza kupita kwenye beringi mara kadhaa kabla ya kunaswa.

Ndipo ikaja filta inayopitisha oili yote. Karatasi yake haiwezi kuwa na vitundu vidogo mno, isije ikaikaba injini. Tena huwekewa vali: filta ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi ya asubuhi, vali hufunguka na oili hupita bila kuchujwa. Chafu afadhali kuliko kukosa.

Volkswagen Beetle, aliyoshindia Vic Preston mbio za magari za Safari mwaka 1954 na Tommy Fjastad 1962, haikuwa na filta ya aina yoyote kati ya hizo. Chini ya injini palikuwa na wavu wa waya, mfano wa chujio la chai: majani hubaki, rangi hupita. Kilichoiokoa ni spana. Kila kilomita 5,000 hivi, lita 2.5 za oili zilimwagwa na wavu ukaoshwa.

Siku hizi mwenye gari huiachia filta kazi yote, ilhali mikebe miwili ya filta ya rangi moja huenda ikatofautiana tumboni: huu umejaa karatasi iliyokunjwa vizuri, ule una karatasi haba iliyogandishwa ovyo na gundi. Dukani hutajua. Basi filta kuukuu ikitolewa, usiitupe. Ipeleke kwa mafundi wa bati wa soko la Gikomba, Nairobi, waikate kwa mkasi, si kwa msumeno, maana msumeno huacha unga wake wa chuma ukakudanganya. Kunjua karatasi juani, pitisha sumaku. Chembe zinazonata ni za chuma. Zinazometa kama shaba na hazinati huenda zimetoka kwenye beringi. Zikiwa nyingi, gari lisiwashwe tena mpaka fundi afungue sampu, bakuli la oili chini ya injini.