Kuzuia Maji Yasipenye Kwenye Plastiki ya Printa ya 3D

Vijana wengi majumbani mwetu siku hizi wanachezea printa ya 3D, na kwa kuwa bahari iko karibu, haipiti muda mmoja wao hutaka kuunda roboti ndogo ya kuzamia au kisanduku cha kamera. Kisanduku hutoka kizuri, hakina tundu hata moja, lakini kikitiwa majini kinavuja. Kwa nini?

Printa hii huyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka, kila moja unene wa kiasi cha milimita 0.2. Baina ya tabaka hubaki vipenyo ambavyo jicho halivioni. Ni kama jahazi: hata mbao zikibanana vipi, mafundi hawalishushi majini kabla ya kulikalafati.

Kinga huanza wakati wa kuchapa. Kuta ziwe nene, mistari minne au zaidi. PETG inafaa kuliko PLA, kwani PLA hulainika karibu na nyuzi joto 60, na ndani ya gari lililoachwa juani huku Ghuba joto hilo si ajabu.

Kisha piga msasa, futa vumbi, na upake epoksi mikono miwili. Vaa glavu na ufungue madirisha. Chini ya kifuniko weka mpira wa duara, na pale unapokaa pawe laini kabisa, kwani mkwaruzo mdogo ni njia ya maji.

Usisahau kina. Kila mita 10, maji huongeza mgandamizo wa kiasi cha kilo 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha sentimita 10 kwa 10 kitalemewa na kilo 100.

Muhimu zaidi, betri iwe ya mwisho kuingia. Kwanza tia tishu kavu, funga, kizamishe ndooni usiku kucha kwa uzito wa jiwe, kisha kishushe baharini kwa kamba mpaka kina unachokusudia. Tishu ikitoka kavu, endelea. Betri ya lithiamu iliyoingiwa na maji ya chumvi huweza kuwaka hata baada ya saa kadhaa. Ikilowa, mwanao asiichaji wala asilale nayo chumbani. Itolewe nje, mbali na vitu vinavyoshika moto.