Utangulizi: Zambarau Inapofifia

Anayeingia katika fani ya kupima dawa na sumu kwenye seli hafiki mbali kabla hajakutana na sentensi hii: shughuli za seli zimepungua kwa asilimia kadhaa. Ni nyepesi kusoma, na imewapoteza wengi. Karibu, msomaji, lakini ingia ukiuliza: kilichopimwa ni nini hasa?

Mara nyingi ni rangi. Mwaka 1983 Tim Mosmann alichapisha njia ambayo maabara nyingi zinaitumia hadi leo. Seli hukuzwa kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja chembamba kiasi cha kuzibwa na punje ya hindi. Zikishakaa na dawa inayochunguzwa, huongezewa kemikali ya njano iitwayo MTT, kisha sahani hurudishwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa tatu au nne. Seli hai huigeuza njano ile kuwa fuwele za zambarau, ambazo huyeyushwa na kusomwa kwa mashine. Zambarau ikififia kuliko ya vishimo visivyotiwa dawa, twasema shughuli imepungua.

Imepungua kwa nini? Huenda seli zimekufa. Huenda zote ni hai ila zimeacha kugawanyika, na baada ya siku mbili zimezidiwa idadi na jirani zao. Huenda idadi ni ileile, lakini kila moja imepunguza kasi ya kuchoma chakula chake. Namba moja, habari tatu. Ndiyo maana mtafiti makini huongeza kipimo cha pili: rangi ya trypan blue, ambayo hupenya seli zilizokufa na kuzuiwa na zilizo hai, au kimeng'enya cha LDH, ambacho kikivujia nje huashiria kwamba utando umepasuka.

Zambarau nyingi nayo ina hila zake. Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961 kwamba seli za kawaida za binadamu hukoma kugawanyika baada ya kuongezeka maradufu mara 50 hivi. Hazifi hapo. Hutanuka, huendelea kula na kumwaga protini, na kila moja yaweza kutoa rangi ya kutosha kumfanya msomaji wa mashine asishtuke.

Sisi tunaopima mitishamba tuna mtego wetu. Vitamini C na kemikali kadhaa za mimea huigeuza MTT kuwa zambarau zenyewe, bila seli hata moja, hivyo dawa yaweza kuua huku sahani ikionekana imestawi. Kinga yake ni rahisi mno: safu ya vishimo vyenye dawa na MTT, visivyo na seli. Nimesoma tasnifu nzuri, zenye grafu za kupendeza, ambazo safu hiyo haimo, na sikuweza kuziamini. Sura ya kwanza inaanza nayo: namna ya kuipanga, na namna ya kutoa rangi yake kabla ya kukokotoa asilimia.