Billie Jean juu, Physical nje: Nani alihesabu ngoma za miaka ya 80?

Ukitaka kuchafua karamu ya watu wazima, usiguse siasa. Uliza tu ni wimbo gani uliokuwa mkali zaidi miaka ya themanini. Mjomba ataweka sahani chini. Shangazi ataapa kwamba hakuna aliyewahi kuimba kama Whitney. Halafu mtu atatoa ile kauli unayoijua kwa moyo: muziki wenu wa siku hizi hauna maana.

Basi wacha uingie kwenye ubishi huo ukiwa umejihami. Sheria ni moja tu: wimbo uwe ulifika nambari moja Marekani au Uingereza kati ya 1980 na 1989. Wakali wa hapa kwetu enzi hizo, Les Wanyika, Super Mazembe, Them Mushrooms, wana meza yao na ubishi wao. Leo tunaongea kuhusu zile ngoma za ng'ambo zilizowafikia wazazi wako kwa redio ya taifa, kwa sababu nyingine haikuwepo, na kwa kanda zilizonakiliwa na kunakiliwa tena hadi sauti ikakwaruza.

Kwanza jua hiyo nambari moja ilitoka wapi. Leo ukibofya wimbo, kompyuta fulani inahesabu. Enzi hizo jarida la Billboard, ambalo ndilo hupanga chati kuu ya Marekani, lilitegemea ripoti za maduka ya santuri na orodha za vituo vya redio. Karani wa duka aliulizwa ni nini kinachouzika, naye akajibu. Mitambo ya kuhesabu kila nakala inapouzwa ilianza kutumika kwa chati hizo mwaka wa 1991, muongo wenyewe ukiwa umeshaisha. Kwa lugha ya Mkenya, hakukuwa na Fomu 34A. Kwa hivyo mjomba akikuambia wimbo fulani ulikuwa bora kwa sababu ulikaa juu wiki nyingi, muulize nani alihesabu.

Na tukienda kwa wiki pekee, mshindi ni Physical wake Olivia Newton-John. Ulipanda kileleni Marekani mwishoni mwa 1981 ukakaa wiki 10, nyingi kuliko wimbo mwingine wowote wa muongo huo. Sawa. Sasa niambie, mara ya mwisho kuusikia kwenye harusi ama ndani ya matatu ilikuwa lini? Ndiyo maana mimi natumia kipimo kingine: wimbo ukianza kupigwa leo, mbele ya watu ambao hawakuwa wamezaliwa, nini kinatokea?

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza haina mjadala mrefu. Ni Billie Jean wake Michael Jackson, wiki saba kileleni Marekani mwaka wa 1983, na nambari moja Uingereza pia. Dramu zikigonga mara mbili tatu tu, kila mtu ameshajua, na kuna mmoja lazima ajaribu kutembea kinyumenyume. Produsa Quincy Jones aliona utangulizi ni mrefu mno na akataka upunguzwe. Michael akakataa, akisema hapo ndipo anapopata hamu ya kucheza. Hapo kijana alimshinda mzee, weka hiyo akilini kwa ajili ya mjomba.

Na kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Aliyepiga dramu hizo ni Mmarekani aliyeitwa Leon Chancler, ila dunia ya muziki ilimjua kama Ndugu Chancler. Ndugu, neno letu kabisa, la Kiswahili. Kila klabu duniani inapotetemeka kwa mdundo ule, anayetetemesha ni Ndugu. Alifariki mwaka wa 2018.

Halafu kuna suala la rangi, nalo linagusa hesabu moja kwa moja. Kituo cha MTV kilianza kurusha video mwaka wa 1981, na kwa muda mrefu nyuso nyeusi zilikuwa nadra kwenye skrini yake. Video ya Billie Jean ndiyo iliyovunja huo mlango. Kabla ya hapo, nyimbo za wasanii weusi zilikuwa zikipanda chati bila silaha ambayo wenzao walikuwa nayo. Hiyo nambari moja basi si sawa na nambari moja nyingine.

Nafasi ya pili nampa Prince na When Doves Cry ya 1984. Alipiga ala zote mwenyewe, kisha akaliondoa gitaa la besi. Hebu fikiria wimbo wa kudensi usio na besi! Bado ulikaa juu wiki tano, na ukamzuia Bruce Springsteen, ambaye Dancing in the Dark yake ilikwama nambari mbili. Springsteen hajawahi kufika kileleni mwa chati hiyo kwa wimbo alioutoa kwa jina lake mwenyewe hadi leo.

Ya tatu ni ya shangazi: I Wanna Dance with Somebody, 1987. Whitney Houston aliweka nyimbo saba mfululizo nambari moja Marekani kati ya 1985 na 1988. Sina la kuongeza.

Ya nne ndiyo itakayoleta vita. Every Breath You Take ya The Police ilikaa wiki nane kileleni Marekani mwaka wa 1983, na kuna maharusi wameingia ukumbini nayo wakitabasamu. Lakini Sting, aliyeutunga, amesema mara nyingi kwamba huo si wimbo wa mapenzi. Ni wa mtu aliyejaa wivu, anayemchunga mpenzi aliyemwacha kila hatua. Leo mtu wa aina hiyo tungemzuia kwenye simu na tukapiga ripoti polisi. Naupa nafasi ya nne kwa sababu umewadanganya watu kwa upole hivyo miaka zaidi ya 40. Puff Daddy aliurudia mwaka wa 1997 kumwomboleza Notorious B.I.G., na toleo lake likakaa juu wiki 11, kuliko hata la wenyewe.

Tano bora zangu zinafungwa na Careless Whisper, kwa ajili ya saksafoni tu.

Sasa, wapi Africa ya Toto? Najua utauliza. Ulifika nambari moja Marekani Februari 1983, na hadi leo watu wanauimba kwa macho kufungwa. Mimi nautoa. David Paich aliandika maneno yake kabla ya kukanyaga bara hili, na ndiyo maana Kilimanjaro umejipata ukichomoza juu ya Serengeti. Nenda Serengeti uutafute huo mlima. Kati yake na wewe kuna Ngorongoro, Bonde la Ufa na Arusha nzima. Mwaka huohuo Lionel Richie naye akafika kileleni na All Night Long, ndani yake kukiwa na kipande cha maneno yanayosikika ya Kiafrika, kumbe si ya lugha yoyote.

We Are the World ya 1985 nusura iingie mtego huohuo. Wanamuziki zaidi ya 40 walikuwa studioni Los Angeles usiku wa Januari 28, wakichangishia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia, Stevie Wonder alipopendekeza waweke maneno ya Kiswahili. Ilibidi akumbushwe kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Wimbo ulichangisha zaidi ya dola milioni 60, kwa hivyo kama msaada naupigia saluti. Kama wimbo, unaniishia dakika ya tatu.

Kabla hujaweka dau na mtu, jua pia hili: Don't Worry, Be Happy si wa Bob Marley. Ni wa Bobby McFerrin, uliongoza chati Marekani 1988, na Marley alifariki 1981. Utashinda soda nyingi.

Zile ambazo hazikufika ndizo zinaniuma. Last Christmas ilizuiwa Uingereza mwaka wa 1984 na wimbo wa msaada ambao George Michael mwenyewe alikuwa ameuimbia, ikangoja hadi Januari 2021 kupanda kileleni. Running Up That Hill yake Kate Bush ilikwama nambari tatu mwaka wa 1985. Mwaka wa 2022 vijana waliousikia kwenye Stranger Things, wa rika lako, wakaupandisha hadi nambari moja Uingereza. Mwambie shangazi hilo.

Na Fast Car yake Tracy Chapman, wimbo ambao nusu ya Nairobi inaujua neno kwa neno? Mwaka wa 1988 ulifika nambari sita Marekani, basi. Luke Combs aliurudia mwaka wa 2023 akafika nambari mbili. Kwa sheria niliyoiweka mwenyewe hauingii, na mkinipigia kelele kwa hilo, nitanyamaza tu.