Moyo Mnene na Jeni Isiyoeleweka

Ugonjwa wa kurithi wa moyo kunenepa huongeza unene wa ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo bila presha ya damu kuhusika. Hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 500, na wengine hujulikana kuwa nao baada ya kuanguka ghafla uwanjani. Wagonjwa wakipimwa vinasaba, kasoro nyingi zinazoonekana zimo katika jeni mbili, MYH7 na MYBPC3, zinazotengeneza protini za kukazia misuli. Kila mtoto wa mwenye kasoro ana nafasi ya nusu kwa nusu kuirithi.

Lakini kila binadamu amebeba mabadiliko mengi ya vinasaba yasiyomdhuru. Tangu 2015 maabara nyingi hufuata mwongozo wa Marekani unaoyapanga kwa madaraja 5, kuanzia linaloleta ugonjwa hadi lisilo na neno. Daraja la katikati ni la yale ambayo maana yake bado haijulikani.

Hoja ya kwanza ya kuamua ni hesabu. Ugonjwa wa mtu 1 kati ya 500 hauwezi kuwa kazi ya badiliko linalobebwa na mtu 1 kati ya 50, wengi wao wazima. Swali ni watu hao 50 ni wa wapi. Mwaka 2016 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba baadhi ya Wamarekani weusi waliambiwa wana mabadiliko ya hatari, ilhali ni ya kawaida kwa watu wenye asili ya Afrika. Mojawapo lilikuwa P82S katika jeni ya TNNI3: asidi amino ya prolini iliyo nafasi ya 82 ya protini huwa serini. Waliolinganishwa nao hawakuwa na weusi wa kutosha; hata weusi wachache tu huenda wangetosha kuzuia kosa hilo.

Kusini-magharibi mwa Uganda pengo hilo la takwimu limeanza kuzibwa. Mwaka 2019 zilichapishwa takwimu za vinasaba za watu 6,400 wa Kyamulibwa. Watu 1,978 kati yao walisomwa vinasaba vyote. Wengi ni wa kabila la Baganda, wakiwemo pia Wanyarwanda, Warundi na Wanyankole. Familia ya Kisomali au ya Kivu, Kongo, inayoishi katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale haipati humo watu wake wengi wa kulinganishwa nao.

Hoja ya pili ni ndugu: je, badiliko linawafuata wagonjwa na kuwaacha wazima? Hapo ukimbizi hukata uzi. Mathalan, baba amebaki Uvira, dada yuko Bujumbura, na aliyefariki hakuacha damu ya kupimwa.

Kwa hiyo badiliko lisiloeleweka halitumiki kuwaambia ndugu nani yu salama. Wazazi, ndugu na watoto hupimwa moyo wenyewe, kwa eko (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti) na kipimo cha umeme wa moyo, na watoto hurudiwa kadiri wanavyokua. Karatasi ya maabara hutunzwa, maana tafsiri hupitiwa upya takwimu zikiongezeka, na mabadiliko mengi yanayohamishwa daraja hushushwa kuelekea yasiyo na madhara.