Malaika ni wa Nani?

Wapenzi wa muziki hapa Voi wana ubishi usiokwisha: Malaika ni wimbo wa nani? Wengine husema ni wa Miriam Makeba. Vijana wengine huapa kuwa ni wa Boney M, walioutoa mwaka 1981.

Mimi huwajibu hivi: isikilizeni kwanza santuri ya Fadhili William na Jambo Boys, iliyorekodiwa Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Fadhili alikuwa mwana wa Taita, na jina lake la ukoo, Mdawida, latosha kumtambulisha. Makeba na Harry Belafonte walikuja baadaye, wakautia wimbo huo katika santuri yao ya mwaka 1965 huko Marekani, nayo ikatwaa tuzo ya Grammy mwaka 1966.

Hapo wazee hudakia: je, Fadhili aliutunga, au aliuimba tu? Adam Salim wa Tanzania alidai kwamba mtunzi ni yeye. Kesi hiyo haijaamuliwa kwa kuridhisha wote, wala haitaamuliwa kwa kupigiana kelele.

Lakini wenzangu, mtunzi ana haki yake na mwimbaji ana yake. Sauti iliyoupeleka wimbo huo kwa watu ni ya Fadhili, aliyefariki mwaka 2001. Huyo kijana wa wimboni, aliyempenda binti akakosa mali ya kumwoa, amezunguka dunia nzima. Itakuwa aibu akisahaulika huku kwao Taita.