Ndege Aliyepewa Jina Kisha Akaachiwa

 Leo nawaletea habari za ndege mdogo aishiye mbali nasi, katika misitu ya milima ya Himalaya, jimbo la Arunachal Pradesh, kaskazini-mashariki ya India.

Ndege huyu ana urefu wa sentimeta 22 hivi, mkia ukiwemo. Manyoya yake ni ya kijivu na rangi ya zeituni. Kichwani ni mweusi kama aliyevaa kofia, mbele ya jicho ana doa la manjano, na mabawa yake yana alama za manjano, nyekundu na nyeupe. Wimbo wake ni kama sauti ya filimbi.

Mwaka 1995 Bwana Ramana Athreya, mtaalamu wa elimu ya nyota apendaye ndege, aliwaona wawili katika hifadhi ya Eaglenest, asiwatambue. Miaka kumi ikapita kabla hajawaona tena. Mwezi wa Mei 2006 ndipo alipofaulu kumnasa mmoja kwa wavu.

Sasa angalieni jambo hili. Tangu zamani, wataalamu wapatapo ndege mpya humwua mmoja, wakaikausha ngozi yake na kuiweka katika jumba la makumbusho, iwe ushahidi kwa wenzao. Desturi hiyo ina sababu yake. Lakini ndege hao waliohesabiwa walikuwa 14 tu! Kumwua mmoja kungekuwa hasara kubwa. Basi Athreya alimpima, akampiga picha, akayatunza manyoya machache yaliyotoka wavuni, kisha akamwachia aende zake. Mwaka ule ule akaandika habari zake na kumwita Liocichla bugunorum, kwa heshima ya Wabugun, wenyeji wa milima ile.

Nao Wabugun hawakulipokea jina hilo kama sifa tupu. Mwaka 2017 watu wa kijiji cha Singchung walitenga kilometa za mraba 17 za msitu wao ziwe hifadhi, na vijana wao wenyewe hushika doria humo. Hata hivyo, ndege huyu angali katika hatari kubwa ya kutoweka.

Ndugu zangu, Adamu naye alipewa kazi ya kuwapa wanyama majina. Waliletwa kwake wakiwa hai, na baada ya kupewa majina waliendelea kuishi. Kumjua kiumbe na kumtaja jina ni kuanza kumtunza.

Basi, mzazi, mtoto wako akija mbio kukuambia kwamba ameona ndege asiyemjua, usimwache akimbilie manati. Toka naye nje. Mtazameni pamoja, msikilizeni, mwulizeni mzee jina lake. Kisha mwacheni aruke.