Usiuze Kompyuta ya Zamani kwa Kilo



Huku kwetu Magomeni, Mtwara, wanunuzi wa chuma chakavu siku hizi hawaulizi sufuria mbovu na mabati tu. Huuliza na kompyuta za zamani. Kabla hujawapa, sikia kwanza habari zake.

Kompyuta ya kwanza nchini mwetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ulikuwa mtambo mkubwa, nao ukaleta taabu kuliko nafuu katika hesabu za Serikali. Fedha za kigeni nazo zilikuwa haba. Basi mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni.

Angalia sasa majira yenyewe. Januari 1975 gazeti moja la Marekani lilitangaza Altair 8800, kompyuta ambayo mtu aliweza kuinunua vipande vipande na kuiunga mwenyewe nyumbani. Haikuwa na kioo wala vibonye vya herufi, ila swichi na taa ndogo. Kumbukumbu yake ilichukua herufi 256, hazitoshi hata aya hii unayoisoma. Mwezi Machi mafundi wa California wakaanza kukutana gerejini kuonyeshana kazi zao. Mmoja wao, Steve Wozniak, aliunda kompyuta ya kwanza ya Apple mwaka 1976.

Kwetu mlango ulikuwa umefungwa. Sisemi Serikali ilikosea. Mwenye fedha kidogo hununua jembe kwanza. Lakini ndiyo sababu mashine za miaka ile ni adimu kwetu.

Leo wako watu Ulaya na Marekani wanaozikusanya na kuzifufua. Hao wamegundua kwamba adui mkubwa ni betri ndogo iliyomo ndani: ikichakaa huvuja, na maji yake hula shaba ya bodi. Wao huiondoa, kisha husafisha mahali pale kwa siki. Nasi wa pwani tuna chumvi ya bahari juu yake.

Basi kama stoo ya shule, ya chama cha msingi au ya parokia yenu ina mashine kama hiyo, mwiteni fundi aondoe betri. Kile kioo kizito msikifungue ninyi wenyewe, maana huweza kushika umeme wa kuua hata kikiwa kimechomolewa. Tena kusanyeni flopi zote. Huenda zina orodha za wanafunzi, hesabu za korosho, au majina ya wakatekumeni. Flopi za inchi 3.5 bado husomwa kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta ya leo. Zikisomeka, chapeni yaliyomo kwenye karatasi siku hiyo hiyo.